Louisiana: Pwani iliyoliwa na mifereji yake

Magharibi mwa jiji la New Orleans, katikati ya ziwa Maurepas na ziwa Pontchartrain, kuna kinamasi kiitwacho Manchac. Ukikitazama katika picha za setilaiti utaona michoro ambayo maumbile hayaichori. Mistari ya maji inaanzia kwenye nukta moja na kutawanyika pande zote kama spoki za baiskeli. Mbele kidogo ipo nukta nyingine na spoki zake, kisha nyingine. Hizo ni njia zilizochimbwa na magogo yaliyoburutwa kwa waya wa chuma, nyingi zikiwa na umri unaokaribia au kuzidi miaka mia moja. Walioyaburuta wamekufa, kampuni zilizowaajiri zimefungwa na mashine zao zimekuwa vyuma chakavu. Maji bado yanapita humo kila siku.

Jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, linapoteza pwani yake. Vipimo vya Idara ya Jiolojia ya Marekani vinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1932 na 2016 zilitoweka kilomita za mraba zipatazo 4,833, yaani robo ya ardhi yote iliyokuwapo pwani hapo mwanzo. Ni karibu mara tatu ya kisiwa cha Unguja. Wakati kasi ilipokuwa kubwa kabisa, eneo lenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa Kimarekani lilikuwa likigeuka maji kila dakika 34.

Sababu ni nyingi. Kingo ndefu zilizojengwa kandokando ya mto Mississippi, hasa baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1927, zimeuzuia mto usimwage tope lake vinamasini. Mabwawa yaliyojengwa juu, kwenye mto Missouri, yamelizuia tope lenyewe lisifike. Ardhi ya delta inadidimia na bahari inapanda. Lakini kila unapofuatilia mahali fulani ili ujue kwa nini pamekufa, mara nyingi utakuta mfereji. Mmoja ulichimbwa kwa ajili ya magogo, wa pili kwa ajili ya shamba, wa tatu kwa ajili ya meli, wa nne kwa ajili ya kisima cha mafuta. Kila mmoja ulikuwa na mwenyewe na kazi yake, na kazi hiyo ilipokwisha mwenyewe aliondoka akauacha wazi.

Msitu wenye sharti

Kusini mwa Louisiana kumejengwa na mto Mississippi kwa muda wa miaka ipatayo 7,000. Mto ulipofurika uliacha tope pembeni, na njia yake iliporefuka mno ulihama ukaanza kujenga mahali pengine. Juu ya tope hilo karibu na bahari yakaota majani yanayostahimili chumvi. Ndani zaidi, penye maji baridi, ikaota misitu ya msaipresi wa kinamasi. Huu si ule msaipresi unaopandwa kuzunguka shule na mashamba ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ingawa ni wa ukoo mmoja. Hupukutisha majani wakati wa baridi, shina lake hunenepa chini, na mizizi yake hutokeza vigingi vinavyochungulia juu ya maji. Ukiachwa, unaweza kuishi zaidi ya miaka elfu moja. Mbao za miti ya kale haziozi upesi, na ndiyo maana zilijengewa nyumba, mapipa, matangi ya maji na mashua.

Msitu huo una sharti. Mti mkubwa unaweza kusimama majini miaka nenda rudi, lakini mbegu yake haioti chini ya maji. Lazima uwepo msimu ambao maji yameshuka na tope limejitokeza, na mche upate nafasi ya kurefuka kabla mafuriko hayajarudi na kuufunika. Maji yakituama mwaka mzima, miti mizee hubaki peke yake bila warithi. Chumvi nayo ni adui: maji ya bahari yana gramu zipatazo 35 za chumvi kwa lita, lakini gramu mbili au tatu tu zikidumu, msitu huanza kudhoofika.

Wafaransa walipoanzisha New Orleans mwaka 1718, misaipresi ilikuwa miongoni mwa mali za kwanza walizozitupia macho. Kazi ya kuikata walibebeshwa Waafrika waliotiwa utumwani. Baadhi yao walitorokea vinamasini humohumo na kuishi huko. Katika miaka ya 1780, chini ya utawala wa Wahispania, watoro waliokuwa na kiongozi wao Juan San Malo walikata magogo na kuyauza kwa siri kwa wenye viwanda vya mbao, hadi San Malo alipokamatwa na kunyongwa mwezi Juni 1784. Msitu mmoja ulikuwa gereza la kazi kwa wengine na maficho kwa wengine.

Ukataji wa enzi hizo ulifuata kalenda ya maji. Msaipresi mbichi ni mzito na huzama. Kwa hiyo wakataji waliubandua gome kuzunguka shina, wakauacha ufe na kukauka ungali umesimama. Mafuriko yalipopanda waliuangusha na kuuelekeza mtoni ukielea, wakipita kwenye mitaro midogo iliyochimbwa kwa majembe. Mwaka ambao maji hayakupanda vya kutosha, magogo yalilala pale pale. Karne moja na nusu ya ukataji wa namna hiyo iliuacha msitu mkubwa bado umesimama.

Ekari kwa senti 25

Mambo yalianza kubadilika kwa karatasi kabla hayajabadilika kwa shoka. Mwaka 1849 Bunge la Marekani liliipa Louisiana vinamasi vya serikali kuu vilivyokuwa ndani ya jimbo hilo, kwa sharti kwamba mapato yake yatumike kujenga kingo na kukausha ardhi. Mwaka uliofuata majimbo mengine nayo yakapewa. Louisiana peke yake iliambulia karibu ekari milioni 9.5. Wabunge walikichukulia kinamasi kuwa ardhi mbovu inayoleta homa, na dawa yake ikawa kukikausha au kukiuza.

Mwaka 1876 vikaondolewa vizuizi vya kuuza ardhi kubwa kubwa za serikali kusini mwa nchi. Ekari ya kinamasi chenye misaipresi ya karne nyingi ikawa inapatikana kwa senti 25 hadi 50 za dola. Wanunuzi wengi walikuwa matajiri wa mbao kutoka majimbo ya kaskazini, eneo la Maziwa Makuu ya Marekani, ambako misonobari ilikuwa inaelekea kwisha. Walikuja na mitaji, injini za mvuke na haraka. Hawakuwa tayari kungoja mafuriko.

Jibu lao lilipatikana kuelekea mwisho wa miaka ya 1880: tishari la kuburuta magogo. Lilikuwa tishari la kawaida lililofungwa injini ya mvuke na winchi kubwa. Kwanza ulichimbwa mfereji wa kulipitisha hadi katikati ya msitu. Likishafika lilifungwa imara, na waya wa chuma ukavutwa hadi ndani kabisa, kilomita moja au zaidi. Gogo lilivishwa kofia ya chuma yenye ncha ili lisijichimbie topeni, winchi ikazungushwa, nalo likaja likivunja kila kilichosimama njiani. Likaja la pili kwa njia ileile, na la tatu, hata njia ikazama na kuwa mtaro wenye kina kinachozidi kimo cha mtu. Upande mmoja ulipokwisha, waya ulihamishwa kidogo na kazi ikaanza upya, mpaka duara zima likawa limesafishwa. Kisha tishari likasogezwa mbele. Kwingine kampuni zilijenga reli juu ya matuta na kuvuta magogo kwa nyaya zilizotundikwa juu, na matuta hayo yakakata mapito ya maji.

Uzalishaji uliruka. Mwaka 1915 viwanda vya Louisiana vilipasua zaidi ya futi bilioni moja za mbao za saipresi kwa kipimo cha wauza mbao, sawa na mita za ujazo zaidi ya milioni mbili. Mji wa Patterson ulijivunia kuwa na kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani vya mbao hizo. Miji mizima ilisimama juu ya nguzo kinamasini, na mmojawapo ni Ruddock, uliojengwa na kampuni ya mbao kando ya reli. Tarehe 29 Septemba 1915 kimbunga kiliusomba Ruddock pamoja na jirani yake Frenier, na hakuna aliyeujenga tena. Kufikia miaka ya 1930 msitu wa asili ulikuwa umebaki vipande vipande. Inaaminika msaipresi wa mwisho wa biashara kule Manchac ulitolewa mwaka 1956.

Kwa nini msitu haukurudi

Mahali pengi duniani msitu uliokatwa hurudi wenyewe ukipewa miaka. Manchac sehemu kubwa haikurudi, na sababu iko kwenye maji.

Mfereji hubadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja, na mabadiliko hayo yanapingana. Penye mwanya, maji hukimbia: chumvi ya ziwa na ya bahari, ambayo zamani ilipaswa kupenya polepole kati ya mizizi na majani, ikapata barabara iliyonyooka hadi ndani. Penye tuta, maji hukwama: yaliyoingia kwa mvua au kwa kimbunga hayatoki tena. Kwa hiyo kinamasi kimoja kinaweza kuwa na chumvi iliyozidi upande huu na maji yaliyotuama upande ule. Vyote viwili vinavunja sharti la mbegu ya msaipresi.

Juu ya hayo likaongezeka pigo la meno. Katika miaka ya 1930 aliletwa Louisiana nutria, mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya panya anayeishi majini na kufikia ukubwa wa paka, ili afugwe kwa manyoya yake. Waliotoroka na walioachiliwa wakazaana vinamasini, na kitoweo chao kimojawapo ni mizizi ya mche mchanga wa msaipresi. Anayepanda msaipresi leo huko huuvisha mche bomba la plastiki, la sivyo asubuhi hataukuta.

Mwaka 2005 jopo la wanasayansi lililoundwa na gavana wa jimbo lilitoa ripoti kuhusu misitu hiyo ya pwani. Liliigawa mafungu matatu: inayoweza kuzaa upya yenyewe, inayoweza kurudi ikipandwa kwa mikono, na ile ambayo maji yake yameharibika kiasi kwamba haitarudi kwa njia yoyote bila kurekebisha maji kwanza. Wakati huohuo miti iliyokuwa imerudi tangu ukataji wa kwanza ilikuwa ikikatwa tena, safari hii ili isagwe na kutandazwa kwenye bustani za maua. Kelele za wananchi ziliyafanya maduka makubwa kadhaa yaache kuuza bidhaa hiyo kutoka Louisiana.

Mashamba yaliyogeuka maziwa

Baada ya wakata miti walikuja wakausha ardhi. Aliyevuma zaidi ni Edward Wisner, aliyehamia kutoka Michigan na, mwanzoni mwa karne ya 20, kununua zaidi ya ekari milioni moja za vinamasi. Ndoto yake ilikuwa ile ya Uholanzi: zungusha tuta, chimba mifereji ya mraba, funga pampu, toa maji, uza mashamba kwa wakulima wa kaskazini. Udongo mweusi wa kinamasi ulionekana kuwa na rutuba isiyokwisha.

Lakini udongo ule sehemu kubwa ulikuwa mabaki ya mimea, mboji iliyohifadhiwa na maji yenyewe. Maji yakiondoka, hewa inaingia, mboji inaoza na kunywea. Shamba likashuka chini ya usawa wa maji yaliyolizunguka, pampu ikalazimika kufanya kazi zaidi, na kadiri ilivyofanya kazi ndivyo shamba lilivyozidi kushuka. Kimbunga kimoja au tuta moja kupasuka kulitosha kumaliza habari. Mengi ya mashamba hayo leo ni maziwa yenye kingo zilizonyooka kama zilizopigwa rula: The Pen karibu na mji wa Lafitte, na Big Mar upande wa mashariki wa mto.

New Orleans yenyewe ilifuata njia hiyohiyo, ila haikuweza kuondoka. Kuanzia mwaka 1913 pampu kubwa zilizobuniwa na mhandisi Albert Baldwin Wood ziliwezesha kukausha vinamasi vya nyuma ya jiji na kupima viwanja. Nyumba zikajengwa, ardhi ikashuka, na sasa karibu nusu ya jiji iko chini ya usawa wa bahari. Maji ya mvua hayana pa kwenda bila pampu. Yanavutwa hadi kwenye mifereji inayoyapeleka ziwani. Tarehe 29 Agosti 2005, siku ya kimbunga Katrina, kuta za mifereji miwili kati ya hiyo, ule wa Mtaa wa 17 na ule wa London Avenue, zilivunjika, ziwa likaingia mjini kwa njia iliyochimbwa kuyatoa maji. Asilimia zipatazo 80 za jiji zilifurika.

Mafuta

Waliochimba kuliko wote ni wa mafuta. Tangu miaka ya 1930 kampuni za mafuta na gesi zilitumia njia nyepesi ya kufikia kisima katikati ya kinamasi: kuchimba mfereji wenye upana wa mita 20 au 30 na kina cha mita mbili na nusu hivi, kuingiza mtambo juu ya tishari, kutoboa, na kulaza mabomba. Ukijumlisha mifereji ya visima, ya mabomba na ya vyombo, pwani hiyo inakadiriwa kuwa na kilomita zipatazo 16,000. Mingi ilipishana na ile ya magogo, na mingine ilipanua njia zilizokuwapo.

Tope lililochimbuliwa lilirundikwa pembezoni likawa matuta marefu yasiyo na mwanya. Mwanaikolojia R. Eugene Turner wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana amesisitiza kwa miongo kadhaa kwamba matuta hayo ndiyo yanayoua zaidi ya mfereji wenyewe. Nyuma ya tuta, mimea hukaa majini muda mrefu kuliko inavyoweza kuvumilia wakati wa mvua, na wakati wa ukavu udongo hukauka na kunywea kwa sababu maji ya bahari hayawezi kurudi. Mizizi hufa. Mizizi ikifa hakuna kinachoshika tope, na mawimbi humalizia kazi. Baadhi ya wenzake wanatoa uzito mkubwa zaidi kwa kingo za mto na kudidimia kwa ardhi, na ubishi huo haujafungwa. Hata hivyo hakuna mtaalamu anayeiondoa mifereji kwenye hesabu.

Meli nazo zilipata wa kwao. Mwaka 1956 Bunge liliidhinisha mfereji wa kuunganisha New Orleans na Ghuba ya Mexico kwa njia ya mkato ya kilomita zipatazo 122, na ukakamilika katika miaka ya 1960. Ulipasua vinamasi vya St. Bernard na kuruhusu maji ya bahari kuingia hadi mlangoni pa jiji. Misaipresi ilikufa imesimama. Kingo zililiwa na mawimbi ya meli: mfereji uliochimbwa kwa upana wa mita 200 ukafikia mita 600 na zaidi mahali pengine. Meli zilizotarajiwa hazikuja kwa wingi. Baada ya Katrina, wakazi waliosombwa na maji waliishtaki serikali kuu. Mwaka 2009 jaji Stanwood Duval aliamua kwamba Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kilizembea katika kuutunza mfereji huo. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikatengua, ikisema sheria inailinda serikali katika maamuzi ya aina hiyo. Mfereji wenyewe ulikuwa umefungwa tangu mwaka 2009 kwa ukuta wa mawe. Chumvi nyuma ya ukuta imepungua, na watu wa kujitolea wamepanda huko makumi ya maelfu ya miche, mingi ikiwa ya msaipresi.

Nani alipe?

Anayelipa kwanza ni aliye karibu na maji. Kisiwa cha Jean Charles katika wilaya ya Terrebonne, makazi ya Wahindi Wekundu wa asili ya Choctaw tangu karne ya 19, kimepoteza asilimia 98 ya ardhi yake tangu mwaka 1955. Vimbunga vimechangia, kingo zimechangia, na mifereji ya mafuta iliyokikata kila upande imechangia. Mwaka 2016 serikali kuu ilitoa dola milioni 48.3 za kuwahamisha, na mwaka 2022 familia za kwanza ziliingia nyumba mpya kilomita zipatazo 60 ndani ya bara. Waliokuwa wavuvi na watega kamba sasa wanakaa katikati ya mashamba ya miwa.

Mahakamani mambo yamekwenda kwa kusuasua. Mwaka 2013 mamlaka ya kingo za mashariki mwa New Orleans ilizishtaki kampuni 97 za mafuta na gesi ikitaka zirekebishe zilichoharibu. Kesi ikatupwa mwaka 2015, na rufaa ikashindwa. Wilaya za pwani zikafungua kesi nyingine zikitumia sheria ya jimbo ya mwaka 1978, inayomtaka mwenye kibali arudishe eneo katika hali yake amalizapo kazi. Mwezi Aprili 2025 baraza la wazee wa mahakama katika wilaya ya Plaquemines liliiamuru kampuni ya Chevron ilipe zaidi ya dola milioni 744 kwa uharibifu uliofanywa na Texaco, kampuni ambayo Chevron ilikuwa imeinunua. Chevron ilisema itakata rufaa. Haijalishi kesi itaishaje, swali limewekwa mezani kwa uzito ambao wakata miti wa mwaka 1900 hawakuwahi kukutana nao: je, mfereji ni mali ya nani baada ya kazi kwisha?

Kufukia na kufungulia

Dawa ya kwanza haina fahari yoyote. Chukua mashine, rudisha tope la tuta ndani ya mfereji lilikotoka. Halitajaza shimo lote, kwa kuwa sehemu yake imeoza na kunywea, lakini tuta likiondoka maji yatapita tena na majani yataota lilipokuwa. Jambo hili limefanyika katika hifadhi ya taifa ya Jean Lafitte, kusini mwa New Orleans, na mimea imerudi. Mwaka 2018 Turner na mwenzake Giovanna McClenachan walikadiria kwamba kufukia mifereji inayohudumia visima vilivyoachwa pwani nzima kungegharimu kama dola milioni 335. Mpango mkuu wa jimbo wa kuokoa pwani ulikuwa umekadiriwa dola bilioni 50. Kikwazo kikubwa ni umiliki: mifereji mingi iko ndani ya ardhi za watu binafsi, na mwenye ardhi anaogopa kwamba ukifukiwa atapoteza mipaka, njia ya boti au haki ya mafuta yaliyo chini.

Dawa ya pili ni kuurudisha mto. Mradi wa kupeleka tena maji ya Mississippi katika kinamasi cha Maurepas, ili kusukuma chumvi nje na kulisha misaipresi, umevuka hatua ya makaratasi. Mkubwa wake, mradi wa Mid-Barataria wa kufungua ukingo na kuachia tope lijenge ardhi mpya, ulianza kujengwa Agosti 2023 kwa bajeti inayokaribia dola bilioni tatu, ukafutwa na jimbo lenyewe Julai 2025. Gharama zilikuwa zimepanda, na wavuvi wa kamba na chaza walipinga kwa hoja ya haki: maji baridi mengi yangeua chaza wao. Pwani iliyoharibiwa kwa miaka mia haina tiba isiyomuumiza mtu.

Kuna mfereji mmoja unaoonyesha upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Kikosi cha Wahandisi kilichimba njia ya Wax Lake ili kupunguza mafuriko ya mji wa Morgan City, kikapitisha sehemu ya maji ya mto Atchafalaya moja kwa moja hadi baharini. Hakuna aliyekusudia kujenga nchi. Baada ya mafuriko ya mwaka 1973 visiwa vya tope vilianza kujitokeza mdomoni, na delta hiyo imeendelea kukua wakati pwani nyingine inaliwa. Tofauti ni kwamba mfereji huu ulipewa mto wenye tope, na mdomo wake ukaachwa huru. Big Mar, lile shamba lililozama, nalo limeanza kujaa udongo tangu lilipofunguliwa lango la maji ya mto hapo Caernarvon.

Si mambo ya Marekani peke yake

Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kwenda mbali kuamini kwamba mtaro mdogo unaweza kuhamisha mto. Katika delta ya Tana, enzi za watawala wa Witu katika karne ya 19, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mto Tana na mto Ozi ili vyombo vipite kati yao. Ulikuwa mwembamba. Maji ya Tana yalipoupata yaliupanua, hata mto wenyewe ukahamia humo na kutokea Kipini. Aliyeagiza uchimbwe alitaka njia ya mitumbwi, akapata jiografia mpya.

Delta za Tana na Rufiji bado zina mikoko, mashamba ya mpunga, malisho na wavuvi wanaotegemea maji yanayopanda na kushuka kwa wakati wake. Kila anayekuja na mpango wa kilimo kikubwa, bandari, chumvi au gesi atakuja pia na mchoro wa mfereji, na mchoro huo utaonyesha faida za miaka 10 au 20. Louisiana inatufundisha kuuliza maswali ambayo hayamo kwenye mchoro: tope litarundikwa wapi, chumvi itaishia wapi, na nani ataufukia.

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa, na jibu lake lisingoje mahakama ya wajukuu. Kibali cha kuchimba ardhi oevu kisitolewe mpaka fedha za kufukia ziwe zimewekwa benki, kwa jina la wilaya na wananchi wanaoishi hapo, tangu siku ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Louisiana sasa inajenga kuta za mabilioni ya dola kuziba nyufa zilizochimbwa kwenye ardhi iliyouzwa kwa senti 25 ekari.